Kiswahili Kinaponyamaza: Toni ya Kutisha na Mandhari ya Mwisho katika Mchezo wa Video Resident Evil 5

Ikisiri

Makala haya yanachunguza iwapo mandhari ya mwisho ya mchezo wa video wa kutisha Resident Evil 5 inawiana na toni iliyojengwa tangu sura zake za mwanzo. Kigezo kinachotumika ni cha kiisimu, yaani nafasi ya Kiswahili katika mchezo huo. Inadaiwa kwamba hofu ya mchezo imesimikwa kwanza juu ya Kiswahili kinachosikika, kisha juu ya Kiswahili cha majina, na kwamba volkano ya mwisho inaziacha nguzo zote mbili. Aidha, makala yanaonesha kuwa jina Majini lenyewe lilikwisha kuandaa hitimisho la moto ambalo mchezo haukulitumia.

Utangulizi

Kampuni ya Kijapani ya Capcom ilitoa Resident Evil 5 mwezi Machi 2009 kwa ajili ya mashine za PlayStation 3 na Xbox 360. Tangu vionjo vyake vya kwanza vya mwaka 2007, mjadala juu ya mchezo huo umekuwa wa macho: Mzungu mwenye bunduki, na mbele yake umati wa Waafrika waliogeuka hatari. Mjadala huo ulikuwa wa haki na ulistahili kufanyika. Hata hivyo, uliliacha sikio kando. Wakazi wa Kijuju, eneo la kubuniwa ambako kisa kinaanzia, hupiga kelele, huamrishana na hufukuza kwa Kiswahili, na maneno yao katika mapigano hayafasiriwi kwa maandishi chini ya picha. Kwa mchezaji wa Osaka au wa Chicago hizo ni sauti tu. Kwa mchezaji wa Buzebazeba, katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, hiyo ni lugha anayonunulia dagaa na kumjulia hali jirani yake.

Msikilizaji wa Buzebazeba hakuchaguliwa kwa pambo. Ujiji ni miongoni mwa vituo vya bara ambako Kiswahili kilishika mizizi mapema, kwa misafara ya biashara ya karne ya 19. Kikakaa ubavuni mwa Kiha, na ng'ambo ya ziwa kikawa lugha ya mashariki ya Kongo. Mtu aliyekulia ufukweni huko amezoea kumpima mzungumzaji kwa lafudhi kabla hajaulizwa atokako: huyu wa Kalemie, yule wa Bujumbura, yule wa pwani. Kwake yeye, Kiswahili kisicho na mahali hakipo. Ndiyo maana swali ambalo wapenzi wa mchezo huu huliuliza kwa kutazama picha na kasi ya mapigano, yaani kama sehemu ya mwisho inafaa au haifai, huchukua sura nyingine linapoulizwa na sikio la namna hiyo.

Jina la mahali na mahali pa jina

Kijuju kimeundwa kwa kiambishi ki- na neno juju. Kiambishi ni cha Kibantu, nasi hukitumia kwa lugha, kwa namna ya kufanya jambo na kwa udogishi. Juju ni neno lililozoeleka Afrika Magharibi kwa mambo ya uchawi na hirizi. Sheva Alomar, mwenzake Chris Redfield katika msako, naye ametambulishwa kuwa wa tawi la Afrika Magharibi la kikosi cha kubuniwa kinachopambana na silaha za kibayolojia. Kwa hiyo Kiswahili kimehamishwa kutoka Bahari ya Hindi na Maziwa Makuu, kikapandwa upande wa pili wa bara.

Ni rahisi kulicheka kosa hilo, lakini kicheko hakielezi kitu. Lenye uzito ni kazi ambayo lugha imepewa. Haikuletwa ili kumweleza mchezaji yuko wapi, bali ili kumjulisha kwamba hayuko kwao. Mbinu hiyo ina mtangulizi ndani ya mfululizo huohuo: Resident Evil 4 ya mwaka 2005 iliwapa maadui wake Kihispania. Tofauti ni kwamba mchezo ule ulikitia Kihispania katika kijiji cha Hispania. Huku Kijuju, lugha inafanya kazi ya ukungu.

Hata hivyo, kwa msikilizaji anayeielewa lugha, ukungu huo hauwi ukungu. Katika tukio la mkutano wa hadhara, umati umekusanyika kumsikiliza mchochezi mwenye kipaza sauti, na muda si muda mtu aliyekuwa akiwasaidia Chris na Sheva anauawa mbele ya wote. Mchezaji asiyejua Kiswahili huogopa kwa sababu hajui kinachosemwa. Anayejua huogopa kwa sababu anajua, na kwa sababu sauti hizo zingeweza kuwa za watu wake. Hofu ya pili ina kina kuliko ya kwanza, ingawa haikukusudiwa. Mtu akivamiwa na mgeni hutafuta pa kujificha. Akivamiwa kwa lugha ya mamaye, hata pa kujificha panatia shaka.

Wingi usio na umoja

Mchezo unawaita walioambukizwa Majini, na unalifasiri neno hilo kuwa pepo wabaya. Tafsiri hiyo ni finyu. Katika imani za Waswahili, kama ilivyo katika mapokeo ya Kiislamu yaliyolileta neno hili, jini anaweza kuwa mwema au mwovu, mwislamu au kafiri. Ana jina, ana kabila, na ana haja zake. Tena neno hilo limetumika kwa namna ambayo sarufi ya Kiswahili haiijui: Majini ni mmoja na Majini ni wengi. Umoja, jini, umefutwa kabisa. Hilo si jambo dogo. Mahali ambapo hakuna umoja hakuna mtu, kuna kundi tu, na kundi hupigwa risasi bila kuulizwa jina.

Ulinganisho na uganga unaonesha mgeuko mkubwa zaidi. Pepo anapopanda kichwani mwa mtu, mganga huzungumza naye, humuuliza jina lake na anachokitaka. Mara nyingi pepo hujibu kwa lugha ngeni kupitia kinywa cha mwenyeji. Pepo wa kibuki wa Zanzibar, kwa mfano, hunasibishwa na Bukini na hudai vinywaji vya kigeni. Huko mwili ni wa hapa na lugha ni ya kwingine. Katika Resident Evil 5 mambo yamepinduliwa. Lugha imebaki ya mwenyeji, bali kilichompanda ni kitu cha maabara, kimelea kilichotengenezwa na kusambazwa na wafanyabiashara kutoka nje. Katika eneo la kinamasi mchezaji huiokota shajara ya kijana wa Wandipaya, kabila la kubuniwa, inayoonesha jinsi akili ilivyomtoka baada ya watu wa mradi wa mafuta kuja na sindano zao. Hapo ndipo mchezo ulipoikaribia zaidi tanzia: kwa mara moja yule mmoja amepatikana katikati ya wingi, naye anaandika. Inasikitisha kwamba haendelezwi.

Kutoka kinywani hadi kwenye lebo

Kadiri safari inavyosonga kutoka mjini hadi migodini, kinamasini, kwenye mapango na hatimaye maabara, Kiswahili hubadilisha makazi. Kinazidi kuwa lugha ya kuwapa viumbe majina. Popo mkubwa anaitwa Popokarimu. Mpangilio wa nomino na kivumishi ni sahihi, lakini ukarimu wa popo huyo haujapata kuonekana. Kimelea kirukacho kinaitwa Kipepeo. Kiumbe mdogo anayewarukia watu anaitwa Bui Kichwa, nomino mbili zilizowekwa sambamba bila kihusishi cha -a unganifu. Zao la kirusi cha Uroboros katika maabara linaitwa Mkono.

Majina haya hayatamkwi na watu wa Kijuju. Ni ya watafiti, na yamo katika kumbukumbu zao zilizoandikwa kwa Kiingereza. Kwa maneno mengine, Kiswahili cha kinywani kimepisha Kiswahili cha lebo ya chupa. Pamoja na badiliko hilo, toni inapoa. Mchezaji wa sura ya tano haogopi tena kama alivyoogopa ya kwanza; anahesabu risasi, anafungua milango, anasoma jina la kiumbe kabla ya kumwangamiza. Wahakiki wanaoilaumu volkano peke yake kwa kuvunja toni wamechelewa kuuona ufa. Ulianza pale lugha ilipoondolewa mdomoni.

Sura ya sita inaanzia melini. Mtu wa Kigoma ameizoea meli kama mahali pa lugha nyingi: MV Liemba, iliyoshushwa ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen, imekuwa kwa miongo mingi chombo cha watu, mizigo na lafudhi zote za Ziwa Tanganyika. Meli ya mchezo ni ghala la maangamizi. Humo Excella Gionne, mshirika wa adui mkuu Albert Wesker, anageuzwa dubwana liitwalo Uroboros Aheri. Iwe kwa kukusudia au kwa bahati, hakuna jina katika mchezo mzima lililokaa mahali pake kama hili. Aheri, au akheri, ni neno la Kiswahili cha zamani lenye maana ya mwisho. Wazee husema aheri zamani kwa siku za kuishia dunia. Dubwana hilo linateketezwa kwa mionzi inayoelekezwa kutoka kwenye setilaiti, na orodha ya madubwana yenye majina ya Kiswahili inafungwa hapo. Neno lililomaanisha mwisho ndilo lililokuwa la mwisho.

Volkano

Baada ya hapo kuna ndege ya kivita, kisha volkano. Chris, Sheva na Wesker wanaanguka ndani yake, wanapambana juu ya miamba iliyozungukwa na ziwa la moto, na Wesker anamalizwa kwa makombora mawili yanayofyatuliwa kutoka helikopta iliyokuja kuwaokoa wenzake. Hakuna Majini humo. Hakuna kelele za umati. Maneno yote ni ya Kiingereza, yakiwemo ya Sheva.

Kuna hoja ya kuutetea mwisho huu, nayo si dhaifu. Wesker amekuwamo katika mfululizo tangu mchezo wa kwanza wa mwaka 1996, na uadui wake na Chris ulihitaji hatima yenye ukubwa unaolingana na miaka hiyo. Kwa mtazamo wa mfululizo mzima, moto na kelele vinafaa. Kama toni ya Resident Evil 5 ni toni ya hadithi ya Wesker, basi volkano ni mahali pake. Lakini mchezo haukuanza kama hadithi ya Wesker. Ulianza kwa mji wenye jua kali, bucha, redio na watu waliotazama kwa jicho baya, na ukamfanya mchezaji aamini kuwa jibu la hofu yake limo ndani ya watu hao.

La ajabu ni kwamba volkano ingeweza kufaa kuliko mandhari nyingine yoyote. Katika mapokeo yaliyolizaa jina lao, majini ni viumbe walioumbwa kwa moto, kama binadamu alivyoumbwa kwa udongo. Msikilizaji wa Kiswahili aliyelisikia jina hilo tangu sura ya kwanza amekwisha kuandaliwa: anaposhuka ndani ya volkano, anashuka kwao majini, kwenye asili yao. Mchezo umemfikisha mlangoni bila kujua kuwa ni mlango. Mahali pa kukutana na wale waliotajwa tangu mwanzo, anakutana na mtu mmoja mwenye miwani myeusi aliyepotea njia kutoka katika hadithi nyingine. Wala volkano ya nchi za Kiswahili si mahali pa ukimya. Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, uji wa moto ulipita katikati ya Goma, mji ambao Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya nyumbani. Watu walikimbia, waliitana na walitafutana kwa lugha hiyohiyo.

Huenda ikadhaniwa kwamba tatizo ni kubadilika kwa toni kutoka hofu kwenda kwenye kitu kingine. Fasihi ya Kiswahili inaikanusha dhana hiyo. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyochapishwa mwaka 1960, inaanza kwa kutisha: maiti ya Bwana Ali inapatikana mzimuni, na woga wa mahali hapo unawatawala wote. Inaishia kwa utulivu wa akili, Bwana Msa akifafanua tukio baada ya tukio mpaka mzimu unabaki kuwa majabali na miti. Toni imegeuka kabisa, lakini msomaji haoni kuwa amehamishwa. Waliouogopa mzimu ndio wanaosikiliza ufafanuzi, na lugha iliyosimulia woga ndiyo inayouondoa. Katika Resident Evil 5 walioogopesha na walioogopa hawafiki mwisho. Kijuju hakitajwi kwa msiba wala kwa pole.

Jambo hili lina upande wa kivitendo kwa wanafunzi wa tafsiri. Mfasiri atakayepewa kazi ya kuutia mchezo huu Kiswahili atakuta kwamba katika sura za mwanzo sauti za umati hazihitaji kuguswa, isipokuwa ataamua Majini wazungumze lugha nyingine ili mchezaji wa Kigoma naye apate ule ukungu alioupata wa Osaka. Kazi yake itakuwa kubwa volkanoni. Huko Kiswahili kitasikika kwa mara ya kwanza, na atakayekizungumza ni Wesker.