Kutendua na Kurejesha: Kipakatalishi Kisichowaka Baada ya Kufunguliwa

1. Utangulizi

Makala haya yanaeleza namna ya kukichunguza kipakatalishi ambacho kilifunguliwa, kikarudishiwa vifaa vyake, kisha kikakataa kuwaka. Tukio hili si geni katika mji wa Kolwezi, makao makuu ya Jimbo la Lualaba lililoundwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa. Vumbi la machimbo na la barabara za malori huziba feni, mashine hupata joto kupita kiasi, na mwenyewe hulazimika kuifungua ili aisafishe. Iwapo mwenyewe ni mwanafunzi, huenda ndani yake mna tasnifu isiyo na nakala nyingine.

2. Kauli ya Kutendua

Lugha yenyewe inatoa mwongozo. Kiswahili kina kauli ya kutendua, ambayo huonyesha kuwa tendo la awali limegeuzwa: funga huzaa fungua, chomeka huzaa chomoa, pachika huzaa pachua, bandika huzaa bandua. Katika Kiswahili cha Katanga husikika pia umbo fungula, lenye l ambayo Kiswahili sanifu kimeidondosha. Aliyeifungua mashine amefanya mfululizo wa vitendo vya kutendua, na kila kimoja kinadai kinyume chake. Kwa hiyo, mashine iliyokuwa ikiwaka kabla ya kufunguliwa mara nyingi haijafa. Kuna kitendo kimoja ambacho hakikurejeshwa. Kazi ya mchunguzi ni kukitafuta.

3. Tahadhari

Kabla ya kugusa chochote, chaja ichomolewe na waya wa betri utenganishwe na ubao mkuu. Betri iliyovimba isikunjwe, isitobolewe wala isichajiwe, kwa kuwa inaweza kushika moto. Aidha, mtu aguse kwanza chuma kilichounganishwa na ardhi ili umeme tuli wa mwilini usiunguze vipande vya ubao.

4. Hatua za Uchunguzi

Swali la kwanza ni hili: mashine haionyeshi uhai wowote, au taa na feni hufanya kazi lakini kioo ni cheusi? Hali hizi mbili zina vyanzo tofauti.

(a) Pasipo uhai wowote. Soketi ya ukutani ijaribiwe kwa kifaa kingine, kwani umeme hukatika hata Kolwezi, mji ulio jirani na vituo vya Nzilo na Nseke vilivyojengwa katika Mto Lualaba miaka ya 1950. Kisha volti za chaja zilinganishwe na zile zilizoandikwa chini ya mashine. Baada ya hapo, chaja na betri zikiwa zimetenganishwa, kitufe cha kuwasha kibonyezwe kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki uishe. Betri irudishwe na chaja ichomekwe; baadhi ya mashine haziamki baada ya betri kutenganishwa mpaka zipate umeme wa chaja.

Ikishindikana, utepe bapa wa kitufe cha kuwasha uchunguzwe. Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Utepe huo hushikwa na kibanio chembamba: kibanio kiinuliwe, utepe uingizwe wote bila kupinda, ndipo kibanio kifungwe. Utepe ulioingia upande unaonekana umefungwa, lakini haupitishi umeme inavyopasa. Waya wa tundu la chaja nao uhakikishwe.

(b) Taa ipo, kioo ni cheusi. Kadi za kumbukumbu zichomolewe na kupachikwa upya mpaka zibane, kisha mashine ijaribiwe kwa kadi moja moja. Ikiwa skrini ya nje inaonyesha picha, tatizo liko kwenye waya wa kioo au kioo chenyewe.

(c) Skrubu. Zote zihesabiwe. Iliyopotea huenda imelala chini ya ubao na kuunganisha njia mbili za umeme. Ndefu iliyowekwa mahali pa fupi huweza kuutoboa ubao.

(d) Kupunguza. Diski, kadi ya mtandao na vifaa vingine visivyo vya lazima vitolewe. Mashine ikiwaka, virudishwe kimoja kimoja. Kile kitakachoizima ndicho chenye hitilafu.

Hatua zote zikishindikana, ubao upelekwe kwa fundi mwenye multimita. Tasnifu haijapotea kwa sababu hiyo: diski inayochomoka husomeka katika kompyuta nyingine, isipokuwa ikiwa imefungwa kwa ufunguo wa siri ambao mwenyewe hanao.

5. Hitimisho

Dawa iliyo bora ni kuchora umbo la mashine kwenye karatasi wakati wa kuifungua, na kuiweka kila skrubu juu ya alama yake. Mchoro huo ukisomwa kinyumenyume huwa mwongozo wa kufunga.

Jambo la istilahi nalo lina uzito. Betri za ioni za lithiamu zilianza kuuzwa mwaka 1991 zikiwa na kobalti ndani yake, na leo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, sehemu kubwa ikitoka Lualaba. Madini hayo huondoka bila kuwa betri, yakarudi ndani ya mashine zenye maelezo ya Kiingereza, Kifaransa au Kichina. Fundi wa Kolwezi hufanya kazi yake kwa Kiswahili. Anastahili kupata maelezo katika lugha hiyo, na vitenzi vyake, kama ilivyoonyeshwa, viko tayari.