Mto Mississippi: Upunguzwe taka kiasi gani bahari ipate kupumua?

Kila mwaka, ifikapo mwishoni mwa mwezi Julai, meli ya utafiti hung'oa nanga katika pwani ya Louisiana, kusini mwa Marekani, kwenda kupima jambo lisiloonekana kwa macho: ni wapi maji ya chini ya bahari yameishiwa na oksijeni.

Upimaji huo ulianza mwaka 1985 chini ya mtaalamu wa sayansi ya bahari, Nancy Rabalais. Mwaka 2017 eneo lililokosa hewa katika Ghuba ya Mexico, ambayo serikali ya Marekani huiita Ghuba ya Amerika tangu 2025, lilifikia kilomita za mraba 22,720. Halijapata kupimwa kubwa kuliko hilo, na linakaribia ukubwa wa nchi ya Rwanda.

Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita moja ya maji, samaki na kamba wenye uwezo wa kuogelea hukimbia. Chaza, minyoo na viumbe wengine wa sakafuni hufa. Mvuvi wa kamba naye hulazimika kwenda mbali zaidi, kwa gharama zake mwenyewe.

Chanzo kiko mbali na bahari. Mto Mississippi hukusanya maji ya majimbo 31 ya Marekani na mengine mawili ya Canada, na sehemu kubwa ya bonde lake ni mashamba ya mahindi na soya. Mvua za majira ya kuchipua huosha mbolea na samadi na kuziingiza mtoni.

Wakazi wa Malindi wanaijua safari ya namna hiyo, kwani Mto Athi unaopita karibu na Nairobi ndio huo huo uitwao Sabaki ufikapo kwao, na tope lake hubadilisha rangi ya bahari wakati wa mvua. Tofauti ni kwamba naitrojeni iliyoyeyuka haina rangi.

Ikifika baharini, naitrojeni pamoja na fosforasi hustawisha mwani kupita kiasi. Mwani hufa na kuzama, na bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni ya chini. Maji matamu ya mto, yakiwa mepesi kuliko ya chumvi, hutanda juu kama kifuniko na kuzuia hewa mpya isishuke.

Hesabu inayoanzia baharini

Swali la watunga sera ni jepesi kulitamka: mto upunguziwe mzigo huo kwa kiasi gani? Jibu lake halipatikani kwa kupima peke yake, kwa kuwa hakuna mto wa pili wa kufanyia majaribio. Ndiyo maana wanasayansi hutengeneza mto na bahari ndani ya kompyuta.

Hesabu huanzia mwisho na kurudi nyuma. Kwanza huwekwa lengo, yaani ukubwa wa eneo mfu unaoweza kuvumiliwa, ambao Marekani ilikubali mwaka 2001 usizidi kilomita za mraba 5,000. Kisha kompyuta hupewa takwimu za miaka iliyopita: wingi wa maji, naitrojeni iliyoingia hasa mwezi Mei, na kasi ya kutumika kwa oksijeni. Majibu yake yakikaribiana na yale yaliyopimwa na meli, mzigo wa mto hupunguzwa hatua kwa hatua hadi lengo lifikiwe.

Tarakimu zimekuwa zikipanda. Mpango wa mwaka 2001 ulizungumzia asilimia 30 ya naitrojeni. Ule wa 2008 ukataka asilimia 45, tena kwa naitrojeni na fosforasi zote mbili. Mwaka 2017 watafiti waliounganisha modeli nne walipata asilimia 59 kwa naitrojeni.

Wapo wanaolichukua badiliko hilo kuwa ushahidi kwamba wataalamu wanabahatisha. Hoja hiyo ni dhaifu. Hakuna hata moja kati ya hesabu hizo iliyosema kazi imekuwa nyepesi, na ubishi kati ya 45 na 59 ungekuwa na uzito zaidi kama mto ungekuwa tayari umekaribia 45.

Modeli nyingine, za nchi kavu, hufuatilia uchafu hadi unakotoka. Mwaka 2008 idara ya jiolojia ya Marekani ilionyesha kwamba majimbo tisa, Iowa na Illinois yakiwemo, hutoa zaidi ya robo tatu ya naitrojeni na fosforasi inayofika ghubani.

Sheria na udongo

Hapo ndipo penye kikwazo. Sheria ya maji safi ya mwaka 1972 huwabana wenye viwanda na mabomba ya maji taka kwa vibali, lakini maji ya mvua yatokayo mashambani hayamo. Mkulima huombwa na kupewa ruzuku apande mimea ya kufunika udongo au arudishe ardhi oevu, halazimishwi. Lengo lililokuwa lifikiwe mwaka 2015 likasogezwa hadi 2035.

Udongo nao una deni lake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science ulikadiria kwamba, hata kama mimea ingeitumia mbolea yote bila kusaza, ingechukua miongo kadhaa kufikia lengo, kwa sababu naitrojeni ya miaka mingi imejilimbikiza ardhini na katika maji ya chini yake.

Mwaka 2020 eneo mfu lilipungua ghafla hadi takriban kilomita za mraba 5,480. Kimbunga Hanna kilikuwa kimepita siku chache kabla ya meli kufika na kuyakoroga maji. Ni kwa ajili ya miaka kama huo ndipo ilipoamuliwa kuwa lengo la 5,000 lipimwe kwa wastani wa miaka mitano mfululizo.