Usitupe Sufu ya Kondoo Wako

Kila wakati wa kunyoa kondoo ufikapo, wakulima wa skimu zetu za nyanda za juu huja ofisini na swali moja: "Bwana Karani, sufu hii tuipeleke wapi?" Bei ya sufu mbichi ni ndogo, na mara nyingine malipo ya mnyoaji pamoja na gharama ya kusafirisha magunia yapita fedha inayopatikana. Wako walioitupa shimoni. Wengine wameuza Corriedale na Merino zao wakanunua Dorper, ambaye manyoya yake huanguka yenyewe. Simlaumu mtu wa namna hiyo, kwa maana kila mtu ana karo za kulipa. Lakini kabla ya kuwaondoa kondoo wako, yafaa ujue kwamba wako watu wanaotafuta nguo za sufu iliyosokotwa kwa mkono, na kwamba kazi hiyo yaweza kufanyika nyumbani kwako.

Watu hao ni nani? Wengi wako Nairobi, Ulaya na Marekani. Tarehe 24 Aprili 2013 jumba la viwanda vya nguo liitwalo Rana Plaza lilianguka katika nchi ya Bangladesh, na wafanya kazi zaidi ya 1,100 wakafa. Walikuwa wakishona nguo za bei rahisi za kuuzwa nchi za ng'ambo, na siku iliyotangulia nyufa zilikuwa zimeonekana ukutani, lakini wakaambiwa waingie kazini. Tangu hapo wanunuzi wengi zaidi huuliza: Nguo hii imeshonwa na nani? Alilipwa nini? Tena huuliza imetengenezwa kwa kitu gani, kwa sababu nguo nyingi za siku hizi ni za poliesta, ambayo hutokana na mafuta ya petroli na haiozi ikitupwa. Sufu huoza ardhini kama majani. Mnunuzi wa namna hii hulipa zaidi, lakini hutaka majibu ya kweli.

Kazi hii si ngeni katika Kenya. Mjini Nanyuki kina mama walianzisha chama mwaka 1977, kikajulikana kwa jina la Nanyuki Spinners and Weavers, wakasokota sufu kwa mkono na kufuma mazulia na mablanketi. Kinachotakiwa ni mikono, subira na sufu safi, na hiyo sufu safi ndiyo inayowashinda wengi.

Sufu safi huanza na kondoo mwenyewe. Kondoo aliyeshikwa na njaa au ugonjwa katikati ya mwaka huota sufu yenye mahali dhaifu, na uzi wake hukatika. Kuna njia rahisi ya kupima. Chukua kishungi kidogo cha sufu, ukishike ncha zote mbili karibu na sikio, ukivute ghafula. Kikitoa mlio mkali kama uzi wa zeze, sufu ni nzima. Kikilia kama karatasi inayochanika, hiyo haifai kusokotwa. Itie kwenye mto. Nyoa siku ya jua, kondoo akiwa mkavu, juu ya turubai au sakafu iliyofagiwa. Sufu ya tumboni, ya miguuni na yenye mavi itengwe pale pale. Usitie sufu katika gunia la plastiki linalochanika, wala usiifunge kwa kamba ya nailoni au katani, maana nyuzi zake hujiingiza ndani na hazishiki rangi sawa na sufu. Na usioshe kondoo kwa dawa ya josho muda mfupi kabla ya kunyoa. Dawa hiyo hukaa katika mafuta ya sufu, na anayeosha na kusokota ni mke wako au binti yako.

Kuosha kwataka uangalifu. Tumia maji ya moto ambayo mkono waweza kuyavumilia, na sabuni. Zamisha sufu, uiache itulie, kisha uitoe polepole. Usiisugue, wala usiitoe katika maji ya moto ukaitia katika maji baridi, kwa maana itagandamana iwe kama kitambaa cha kofia, na hapo hakuna wa kuitengeneza tena. Usistaajabu ukiona uzito umepungua sana. Mafuta, jasho na vumbi vyaweza kuwa karibu nusu ya uzito wa sufu mbichi. Ikikauka kivulini, ichambue kwa vidole, kisha ichane kwa kadi mbili, yaani vibao vyenye meno ya waya, mpaka nyuzi zote zilale upande mmoja. Baada ya hapo ni kusokota, kwa kijiti chenye kigurudumu au kwa mashine ya kukanyagwa kwa mguu. Fundi wa baiskeli mwenye akili aweza kuunda mashine hiyo kwa gurudumu kuukuu.

Sasa rangi. Hapa shamba lenyewe ni duka. Lile gugu la harufu kali ambalo Wakikuyu huliita mubangi, linalotusumbua katika mahindi na viazi, hutoa rangi nzuri ya manjano. Maganda makavu ya vitunguu hutoa manjano iliyoiva, na maganda ya mti wa muwati hutoa hudhurungi. Muwati hushika wenyewe, lakini mubangi na vitunguu vyataka shabu ili rangi isitoke. Kwa kilo moja ya sufu kavu, gramu 100 mpaka 150 za shabu zatosha. Yeyusha shabu katika maji ya vuguvugu, tia sufu iliyolowa, pasha moto taratibu kwa muda wa saa moja bila kuchemka kwa nguvu, uache ipoe. Halafu itie katika maji ya rangi uliyochuja, ufanye vivyo hivyo. Ukitaka rangi iwe nzito zaidi, tia misumari michache yenye kutu. Sufuria ya rangi isirudi jikoni kamwe.

Liko jambo moja ambalo watu wa mjini hawalitaji wanaposifu rangi za miti. Kuni. Sufuria moja hukaa motoni saa nyingi, na mtu akikata miti kila juma apate kupaka rangi nguo anayoiita rafiki wa misitu, huo ni mchezo. Tumia maji yale yale ya rangi mara mbili au tatu: uzi wa kwanza utakuwa mkali, wa pili na wa tatu utafifia, na wanunuzi hupenda kuona rangi hizo zikifuatana. Ganda la muwati nalo litoke kwenye mti uliokwisha kukatwa kwa kuni au boriti. Ukilibandua mti ungali umesimama, mti utakufa.

Tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo fundi hupunjwa, na mara nyingi hujipunja mwenyewe. Tufanye hesabu ya mfano. Shali kubwa yataka kilo moja ya sufu safi, yaani kama kilo mbili za sufu mbichi. Tuseme sufu mbichi ni shilingi 100 kwa kilo: hiyo ni 200. Sabuni, shabu na kuni, tuseme 200. Kuosha, kuchana na kusokota siku tatu, kufuma siku mbili. Ikiwa kibarua wa kupalilia hapo kwenu hulipwa shilingi 500 kwa siku, siku tano ni 2,500. Jumla ni 2,900 kabla ya faida. Basi mama akiiuza shali hiyo kwa 1,500 na kufurahi kwamba sufu ya 200 imezaa 1,500, ukweli ni kwamba amefanya kazi siku tano kwa shilingi 220 kila siku. Afadhali angekwenda kupalilia kwa jirani. Andikeni siku za kazi katika daftari, kila shali na ukurasa wake. Mnunuzi akiuliza fundi alilipwa nini, mwonyesheni daftari hilo hilo.

Msichanganye sufu na uzi wa dukani mkasema ni sufu tupu. Mnunuzi ajuaye kazi huchomoa uzi mmoja na kuuchoma: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na hubaki jivu linalopondeka, lakini poliesta huyeyuka na kuwa shanga ngumu. Kikundi kikishikwa mara moja tu, habari hufika kwa wanunuzi wengine.

Mkiwa na rangi mpya msiyoijua, kateni uzi kidogo, mfunike nusu yake kwa karatasi nene, muuweke dirishani penye jua kwa majuma matatu. Nusu ya wazi ikipauka, rangi hiyo itumieni kwa vitu vya ndani, kama mito, wala si kwa nguo.