Usimpelekee Mbwa Wako Ugonjwa

Je, wewe ni mmoja wa vijana wanaosaidia kutunza wanyama wagonjwa? Pengine likizo unamfuata mjomba ambaye ni bwana mifugo, huko Mgeta kwenye mbuzi wa maziwa. Au unafanya kibarua kwenye banda la kuku Kihonda. Au unataka kusomea udaktari wa mifugo pale SUA, na umeomba kusaidia kwenye kliniki ili uone kazi yenyewe. Safi sana! Lakini jiulize: jioni unaporudi nyumbani, unarudi na nini?

Mbwa wako anakukimbilia, ananusa viatu, analamba mikono. Paka naye anajisugua kwenye suruali ile ile uliyopigia magoti karibu na mgonjwa.

Hapo ndipo ugonjwa unaoitwa pavo unapopata njia. Pavo ilianza kujulikana mwaka 1978, na kwa muda mfupi tu ikaenea karibu dunia nzima. Hushambulia utumbo wa mbwa, hasa watoto. Mtoto wa mbwa anatapika, anaharisha damu, anakataa kula, na anaweza kufa katika siku chache. Binadamu haumwi pavo ya mbwa, kwa hiyo unaibeba bila kujua. Kinyesi kidogo kilichoganda kwenye soli ya gambuti kinatosha.

Sasa sikiliza vizuri. Watu wengi hudhani sabuni inaua kila kitu. Kwa pavo, hapana! Sabuni ya kawaida haiui kirusi hiki, spiriti nayo haikiui. Kinachokiua ni ile dawa ya kung'arisha nguo ambayo wengi tunaiita Jiki. Pima kikombe kimoja cha dawa kwa vikombe 30 vya maji. Lakini kwanza sugua gambuti kwa maji na sabuni mpaka tope lote litoke (na tope la milimani kwetu mnalijua!), maana kwenye uchafu dawa hupoteza nguvu. Kisha acha gambuti zilowane na dawa kwa dakika 10, halafu suuza. Usichanganye dawa hiyo na dawa nyingine ya usafi, mvuke wake unaweza kukudhuru.

Mikono je? Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Sabuni haitaua pavo, ila maji yataiondoa. Nguo za kazi zivue kabla hujamshika mbwa, na uzifue peke yake. Kama una gambuti moja tu, basi ziache kazini, urudi na kandambili.

Wenye kuku nyumbani, hili linawahusu pia. Mdondo husafiri kwa kinyesi, manyoya, viatu na matenga. Ukitoka kwenye banda lenye mdondo ukaingia moja kwa moja kwenye kuku wa mama, unaweza kufuta fedha za daftari na sare kwa wiki moja. Chanjo ya I-2 ni tone moja tu jichoni, na hurudiwa kila miezi mitatu au minne.

Usafi peke yake hautoshi. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijiji vya jirani. Simba, mfalme wa nyika, anauawa na ugonjwa wa mbwa! Distempa na pavo mara nyingi huwa kwenye sindano moja ya chanjo. Mtoto wa mbwa huanza kuchanjwa akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka afikishe wiki 16. Kama bado hajamaliza, usiende kabisa kushika mbwa wanaoharisha. Mwambie mjomba akupe kazi nyingine.

Kichaa cha mbwa hakiji kwa gambuti, kinakuja kwa mate. Ukiumwa na mnyama kazini, osha jeraha kwa sabuni na maji kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje uone dalili, zikishaanza hakuna tiba.

Na kama pavo imeshaua mbwa wako, usikimbilie kuleta mtoto mwingine. Kirusi hukaa kwenye udongo wa uani kwa miezi mingi, hasa penye kivuli. Mlete aliyekwisha kamilisha chanjo.