Kwa nini singeli yetu ya Bugarama inavurugika kwenye spika kubwa?

Hapa Bugarama, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, vijana wanaopika biti kwenye laptopu wanaongezeka kila kukicha. Tatizo ni lile lile. DJ wa baa akitoka kwenye ngoma ya Dar akaweka ya kwetu, inasikika kama imefunikwa blanketi. Mwenye baa anaashiria itolewe, na kijana aliyeitengeneza yupo pale pale anaangalia. Inauma ile mbaya. Mimi nimeishia kidato cha nne, sauti sijaisomea popote, ila hili nimelifuatilia sana, ngoja niwamegee.

Kwanza spidi. Mafunzo mengi ya kumiksi yaliyopo YouTube ni ya watu wa house, muziki wa mapigo kama 125 kwa dakika. Hapo pigo hadi pigo ni karibu nusu sekunde. Singeli inakwenda 200 mpaka 300. Ukiwa 240, pigo hadi pigo ni robo sekunde tu! Kiki yenye mkia wa sekunde 0.4 inakaa vizuri kwenye house, lakini kwenye singeli kiki nyingine inaingia kabla ya ile haijaisha, na besi nayo inapanda juu yao. Blanketi lenyewe ndilo hilo. Kata mkia wa kiki, fupisha besi, mwangwi uwe mdogo sana. Wengi wakisikia matope wanaongeza sauti. Sasa hapo si unaongeza matope bana?

Na msinambie ni vifaa. Singeli yenyewe ilizaliwa uswahilini Dar, watu wanakata vipande vya taarabu na kuvikimbiza kwenye kompyuta za kawaida. Kazi za Sisso Studios ya Mburahati zilitolewa 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala kwenye mkusanyiko wa Sounds of Sisso, zikasikika mpaka Ulaya. Sikilizeni Poaa ya Bamba Pana (2018), mbio zote zile na pigo bado unalisikia.

Halafu msta isiguse sifuri. Mimi naacha kilele kwenye -6 desibeli hivi. Ikipita sifuri wakati wa kutoa faili, vichwa vya mawimbi vinakatwa na hakuna fundi wa kuvirudisha kama vilivyokuwa.

Kuna na suala la simu, maana wasikilizaji wetu wengi wako huko. Spika ya simu haiwezi kutoa kiki ya hezi 50. Ikwaruze kiki kidogo ipate sauti za juu yake, sikio litaijazia besi lenyewe. Kwenye baa nako mara nyingi kushoto na kulia vimeunganishwa kuwa kitu kimoja, kwa hiyo zile mbwembwe za kutanua sauti zinaweza kumezana kabisa. Besi ikae katikati.

Kabla hujamkabidhi msanii kazi, nenda baa mchana wateja hawajaja. Piga ngoma ya Dar, kisha yako, ila kwanza zilinganishe ukubwa wa sauti, kwa sababu sikio hupenda tu ile inayopiga kelele zaidi. DJ mnunulie soda, atakuachia dakika kumi.