Reli za Kiwandani: Tuchomelee au Tufunge kwa Klampu?

Najua wengi wenu mkifungua jarida hili hutafuta mashairi na vichekesho vya darasani. Mimi leo nawaletea chuma. Tafadhali usikimbilie ukurasa unaofuata, kwa maana jambo hili limemvunja mtu nyonga.

Mtu huyo ni jirani yetu, mpakiaji wa magunia katika kinu kimoja cha kusaga mahindi. Kinu hicho kina jukwaa la juu, kama mita tatu hivi kutoka sakafuni, ambapo mahindi humiminwa ndani ya mashine. Ukingoni mwa jukwaa palikuwa na reli ya mabomba ya chuma, imepakwa rangi ya kijani inang'aa kweli kweli. Siku moja jirani alitua gunia, akaiegemea reli apumue kidogo. Lo! Ikakatika kama bua la mahindi, yeye na reli wakaja chini pamoja.

Baada ya wiki mbili mwenye kinu alimwita Baba aje aweke reli mpya. Baba ni fundi wa kuchomelea katika jua kali. Ilikuwa likizo, basi nikaenda naye kumbebea vifaa. Niliyoyaona na kuyauliza siku hizo ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa, kwa sababu wengi wetu tukimaliza shule tutafanya kazi kwenye majukwaa kama hayo, na wengine wetu ndio tutakaoyajenga.

Kwanza, reli si pambo. Hapa Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inadai ngazi za mahali pa kazi ziwe na mkono imara wa kushikilia. Viwango vya kimataifa vya ISO 14122, vinavyohusu majukwaa ya mashine, vinataka reli iwe na kimo cha mita 1.1 au zaidi, nafasi kati ya bomba la juu na la katikati isizidi nusu mita, na chini pawe na ubao wa sentimita 10 wa kuzuia vitu visiteleze na kumwangukia aliye chini. Kanuni za Marekani zinataka bomba la juu listahimili msukumo wa takribani kilo 90, yaani mtu mzima akijitupa juu yake, isiachie.

Sasa mabomba hayo huunganishwaje? Njia ni mbili.

Njia ya kwanza ni kuchomelea. Fundi hukata bomba, akachonga mdomo wake ukae vizuri juu ya bomba jingine, kisha akayeyusha chuma kwa moto wa umeme hadi vyote viwili viwe kitu kimoja. Kiungo kilichochomelewa vizuri ni laini, mkono hupita juu yake bila kukwaruzwa. Hakilegei, wala mwizi hawezi kukifungua kwa spana.

Njia ya pili ni klampu. Hizi ni soketi za chuma cha kumimina, zilizopakwa zinki. Bomba huingizwa ndani ya soketi, halafu skrubu hukazwa kwa ufunguo wa pembe sita, ule ambao mafundi huuita alenki. Hakuna moto wala umeme. Kipande kikipindwa na gari la kupakia mizigo, unakifungua na kuweka kingine. Klampu za namna hii zilibuniwa Uingereza mwaka 1934, ati kwa ajili ya mazizi ya kukamulia ng'ombe! Leo ziko viwandani na juu ya mapaa ya majengo.

Mimi nilidhani jibu ni rahisi. Kilichochomelewa ni kitu kimoja, basi ndicho chenye nguvu. Baba hakunijibu. Aliokota kipande cha reli iliyovunjika akanipa.

"Tazama pale ilipokatikia. Unaona nini?"

Nilitazama. Ndani ya kiungo mlikuwa na vishimo vingi kama mkate uliojaa chachu. Tena rangi zilikuwa mbili. Sehemu kubwa ilikuwa na kutu nyekundu, na sehemu ndogo, kama upana wa kidole, iling'aa nyeupe. Baba akanieleza kwamba ile ya kutu ilikuwa imekatika zamani, na ile inayong'aa ndiyo iliyokatika siku ya ajali. Kumbe kwa muda mrefu reli ilikuwa imeshikiliwa na kidole kimoja cha chuma! Watu wakiiegemea kila siku, na ikizeeka wanaipaka rangi mpya.

Vishimo vile vilitoka wapi? Bomba lilikuwa limepakwa zinki, na fundi wa kwanza hakuikwangua kabla ya kuchomelea. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 na kuchemka kwenye nyuzi 907, lakini chuma chenyewe hakiyeyuki mpaka kifike karibu nyuzi 1,500. Kwa hiyo chuma kikianza kuyeyuka, zinki tayari imekuwa moshi, na moshi huo hunaswa ndani ya kiungo. Rodi zilizopata unyevu nazo huleta vishimo vivyo hivyo.

Moshi huo humuumiza hata fundi. Nakumbuka usiku ambao Baba alitetemeka kwa baridi hadi Mama akasema ni malaria. Asubuhi ya pili alikuwa mzima. Ilikuwa homa ya moshi wa zinki, ambayo huja saa chache baada ya kazi na kwisha kwa siku moja au mbili. Mafundi wengi hunywa maziwa wakiamini yataosha kifua. Lakini wapi! Maziwa huenda tumboni, na moshi uko mapafuni. Dawa ni kukwangua zinki, kufanyia kazi mahali penye hewa na kuvaa barakoa inayofaa.

Usidhani klampu nazo ni malaika. Skrubu inaweza kulegea, hasa mahali penye mtikisiko. Tena kuna mtego wa vipimo. Bomba la maji linaloitwa la inchi moja na nusu lina upana wa nje wa karibu milimita 48, kwa sababu jina lake hufuata tundu la ndani. Bomba la kutengenezea viti la inchi moja na nusu hupimwa nje, nalo lina milimita 38 tu. Ukilinunua hilo la viti na kuliingiza kwenye klampu ya bomba la maji, litacheza ndani hata ukaze skrubu mpaka jasho likutoke. Halafu kuna wezi. Mtakumbuka kwamba mwaka 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa muda kwa sababu ya watu kung'oa mali ya umma. Mtu anayepanda mlingoti wa stima kung'oa vyuma atashindwa na alenki?

Basi Baba alipopima jukwaa, akamwambia mwenye kinu, "Mzee, hapa juu nisichomelee. Tuweke klampu."

Mzee akashangaa. "Fundi, wewe si ni mtu wa kuchomelea? Sasa unaikataa kazi yako mwenyewe?"

"Kazi yangu naijua, Mzee. Ndiyo maana naikataa hapa."

Akamwonyesha vumbi la unga lililolala juu ya kila mbao. Vumbi la unga likitanda hewani na kupata moto, hulipuka. Hata sukari hulipuka. Mwezi wa Februari mwaka 2008, vumbi la sukari lililipua kiwanda huko Georgia, Marekani, watu 14 wakafa. Chanzo cha mlipuko ule hakikuwa kuchomelea, lakini tukio lilionyesha vumbi linaweza kufanya nini. Kuchomelea jukwaani kungedai kinu kisimamishwe, vumbi lote lisafishwe na mtu akae macho na kizima moto hata baada ya kazi kwisha.

Na mtikisiko je? Nilimuuliza hivyo. Baba akanionyesha kwamba jukwaa limekalia nguzo za jengo, halikugusa mashine, kwa hiyo halitikisiki sana. Hata hivyo, baada ya kukaza kila skrubu alichora mstari mmoja wa rangi nyeupe kutoka kwenye skrubu hadi kwenye klampu. Skrubu ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika, na mtu yeyote anaona, hata asiyejua kusoma.

Ngazi ya nje ilikuwa jambo jingine. Haina vumbi, iko barabarani ambapo mwizi hupita usiku, na wapakiaji huteremka wakiiteleza kwa viganja. Hiyo Baba aliichomelea. Alikwangua kila kiungo hadi chuma cheupe, akachomelea mzunguko mzima, akagonga takataka na kukagua, ndipo akapaka rangi ya kuzuia kutu. Kuna na njia ya katikati: unachomelea vipande karakanani, kisha unavifunga kwa bolti kiwandani.

Kusema kweli, siku ile nilinuna. Pesa za klampu zilienda dukani, na malipo ya Baba yakapungua, nami nilikuwa nimeshazihesabu katika pesa zangu za chakula cha shule. Lakini nilipokumbuka kile kidole cha chuma kinachong'aa, nilinyamaza.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, ukiulizwa ipi ni bora, usijibu haraka. Usiulize tu ni ipi yenye nguvu siku ya kwanza, maana zote mbili zikifanywa vizuri humbeba mtu. Uliza hivi: kosa likiingia mahali hapa, nani ataliona kabla mtu hajaanguka? Kosa la klampu huonekana na hurekebishwa kwa ufunguo mmoja, mradi kuna anayekagua. Kosa la kuchomelea hufichwa na rangi, kwa hiyo ni lazima lizuiwe siku ile ile ya kazi. Penye vumbi, mafuta au mabadiliko ya kila mara, funga klampu. Pasipo hatari ya moto, penye mtikisiko au wezi, chomelea, lakini mchague fundi anayekwangua.

Jirani yetu sasa anatembea na gongo. Juzi alipita kinuni kuwasalimu wenzake, akasimama chini akiangalia ile mistari myeupe. Hakusema neno. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta mwingine ni nyonga ya mtu. Kwaherini.