Nakala ya Kitambulisho Chako Iko Mikononi mwa Nani?

Mtu anayetafuta ploti Nanyuki humtumia dalali picha ya kitambulisho kwa WhatsApp, mbele na nyuma. Kisha huenda saiba kutoa fotokopi, na faili ikabaki kwenye kompyuta ya watu wote. Akifika kwenye jengo la wakili, askari wa langoni humwandikisha jina, nambari ya kitambulisho na ya simu katika kitabu kilicho wazi, ambacho mgeni anayefuata anaweza kukisoma. Jioni ikifika, utambulisho wake umeshaenea mjini, na hakuna hata mmoja aliyevunja nywila yoyote. Wizi wa utambulisho kwetu Kenya huanzia hapo, kwenye karatasi, halafu ndipo unapoingia kwenye simu.

Mhalifu akishakuwa na jina lako kamili, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu, anachotaka ni laini. Wengine hukupigia wakijifanya wahudumu wa kampuni ya simu na kukusomea maelezo yako mwenyewe ili uwaamini, kisha wanakuomba uwatajie tarakimu ulizotumiwa kwa ujumbe. Wengine hutafuta wakala asiye mwaminifu awabadilishie laini, yako izimike na yao iwake kwa nambari ileile. Tangu hapo ujumbe wa benki huenda kwao. Wakifanikiwa kubadilisha PIN, wanatoa salio la M-Pesa, kisha wanakopa M-Shwari na Fuliza kwa jina lako. Mji wa Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, umevamiwa na makachero wa DCI mara nyingi kwa sababu ya biashara hiyo. Kwa hiyo simu ikipoteza mtandao ghafla huku za wenzako zikishika, usingoje irudi yenyewe. Azima simu, pigia kampuni yako na uombe laini ifungwe.

Kuna kinga ambazo watu wengi hawazitumii. Mteja wa Safaricom akibonyeza *106# ataona nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ukikuta usiyoijua, ripoti iondolewe. *100*100# huzuia laini yako kubadilishwa na wakala, hivi kwamba itakulazimu kwenda mwenyewe kwenye duka la kampuni. Ujumbe wa utapeli utume kwa 333. Na fotokopi yoyote unayotoa, iandike kwa kalamu katikati, juu ya maandishi yenyewe: imetolewa kwa nani, kwa kazi gani, tarehe gani. Karatasi yenye mistari hiyo ni vigumu kutumiwa kusajili laini au kuomba mkopo.

Wapo wanaosema hawana pesa za kuibiwa. Mwezi wa Juni 2021, Wakenya walipopewa nafasi ya kujitazama kupitia eCitizen, wengi walikuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Hawakupoteza hata shilingi, lakini jina lao lilikuwa limetumika kama sahihi. Kwangu mimi, huo ni wizi kamili.

Sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mtandaoni inampa anayetumia nywila au alama ya utambulisho ya mwingine kwa hila faini ya hadi shilingi 200,000, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Ile ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza taarifa zako zinatumikaje na kudai zile za uongo zifutwe. Kamishna wa Data hupokea malalamiko na anatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 90. Mwaka 2023 ofisi hiyo iliitoza kampuni ya mikopo ya simu, Mulla Pride, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu kuwatumia ujumbe wa vitisho.

Una haki pia ya kupata ripoti yako ya mikopo bila malipo mara moja kwa mwaka kutoka kwa mashirika ya kumbukumbu za mikopo (CRB). Iombe hata kama hujawahi kukopa. Na kitambulisho kikipotea, nenda kituo cha polisi siku hiyohiyo, upewe nambari ya kitabu cha matukio (OB) na uihifadhi. Mkopo usioujua ukitokea baadaye, tarehe iliyo kwenye OB ndiyo itakayokutetea.